Bongo hakuna matabaka? Mali, cheo na cheti: leteni nondo tujadili

Mchungulia Dirisha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa ada za shule mdau mmoja alifunga mjadala kwa kauli moja: "Bongo hakuna matabaka, kuna wavivu na wachapakazi." Akamwagiwa pongezi kibao. Nikaona nisimjibu kwa mistari miwili, bora nilifungulie uzi wake jambo lenyewe. Sosholojia nilisoma chuoni, siku hizi nauza mabati na saruji, kwa hiyo lugha ya kiprofesa msiitegemee.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Matabaka yapo, tena yamekomaa. Ila kwa nchi yetu ukiyatafuta kwenye mali peke yake utapishana nayo. Kwetu mali aghalabu inafika mwisho. Inatanguliwa na cheo, na cheo kimetanguliwa na cheti.

Nianze na Karl Marx, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, maana anatajwa sana na kusomwa kidogo. Wengi wanadhani aligawa watu kwa kuhesabu nani tajiri nani fukara. Sivyo. Alichouliza ni nani anamiliki nyenzo za kuzalishia na nani anaishi kwa kuuza nguvu zake. Mwalimu wa sekondari na mwenye duka la mtaani wanaweza kuingiza pesa ileile kwa mwezi, lakini kwa Marx hao wamesimama sehemu mbili tofauti. Na kichekesho ni kwamba huyu aliyeandika kuhusu matabaka maisha yake yote hakuwahi kumaliza kuyaeleza. Sura ya 52, ya mwisho kabisa katika juzuu ya tatu ya kitabu chake Kapitali, inauliza tabaka linafanywa na nini, halafu maandishi yanakatika. Alifariki 1883, rafiki yake Engels akaichapisha 1894 hivyohivyo, imekatika.

Sasa tumpandishe Marx daladala. Ukiwaona dereva na konda wanavyogombea abiria na kukatisha ruti, utasema hawa ni wafanyabiashara wenye tamaa. Na ndivyo walivyoandikwa miaka nenda rudi: sekta isiyo rasmi, watu waliojiajiri. Hebu muulize konda gari ni la nani. La tajiri. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, yaani kiasi alichowapangia kwa siku. Mafuta ni juu yao, faini ya trafiki ni juu yao, na deiwaka aliyewashikia gari mchana wakapata kula naye anasubiri chake. Kinachobaki hapo ndiyo mshahara wa watu wawili. Siku ya mvua abiria hakuna, hesabu iko palepale. Akichelewa kuileta mara mbili, ufunguo unahamia kwa mwingine, maana wanaosubiri ufunguo ni wengi.

Matteo Rizzo aliyewafuatilia madereva na makonda wa Dar kwa miaka mingi amelieleza hili vizuri: neno "kujiajiri" linamficha tajiri. Na wenyewe walilijua kabla ya msomi yeyote kuja na daftari. Mwaka 1997 waliunda umoja wao, UWAMADAR, na moja ya madai makubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Mtu aliyejiajiri anadai mkataba kwa nani?

Kwa hiyo hapo Marx anapita. Anapokwama ni kwenye kamati ya harusi. Fundi mwenye gereji yake anaweza kuwa na pesa kumshinda daktari wa wilaya, lakini mwenyekiti wa kamati atakuwa daktari, na fundi atapewa kazi ya usafiri. Anayeitwa "mheshimiwa" anakaa meza ya mbele hata kama mchango wake bado ni ahadi. Hapa ndipo Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, anaingia. Weber alikufa 1920, na maandishi yake makubwa yakatoka baada ya kifo, 1922. Alikubali kwamba mali ina uzito, ila akasema kuna vitu vitatu ambavyo havitembei pamoja siku zote: tabaka, yaani nafasi yako sokoni, hadhi, yaani heshima unayopewa na watu unaoishi nao, na chama, yaani uwezo wa kujipanga na wenzako mkashika madaraka. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa viwili.

Sehemu inayonihusu zaidi ni hicho cha tatu, madaraka, na kilichotokea hapa baada ya Azimio la Arusha. Nitaileta jioni nikifunga duka. Karibuni.

Nyuki wa Urambo

Nimeweka kambi. Mkuu usituache njiani kama wale wa "inaendelea" ambao hawaonekani tena.

Injinia wa Zege

Mleta uzi, umeandika vizuri ila unalea uvivu. Jamii yoyote ina kazi ngumu na kazi nyepesi. Daktari anakesha miaka na vitabu wakati wenzake wanacheza pool. Usipomlipa vizuri nani atakwenda kusomea? Tofauti ya kipato ndiyo inayowasukuma wenye akili waende kwenye kazi muhimu. Hii nayo ni nadharia, tulifundishwa, msituletee ya Marx peke yake.

Mchungulia Dirisha

Injinia, umegusa penyewe. Hiyo ni hoja ya wanasosholojia wa Marekani, Davis na Moore, makala yao ya 1945, na kwa wakati ule ilikuwa nzito kweli. Miaka minane baadaye mwenzao Melvin Tumin akawajibu. Alisema mnadai mfumo unawachuja wenye vipaji, lakini vipaji mmevijuaje ikiwa watoto wengi mlango wa shule hawajaufikia? Pili, hiyo taabu ya kusoma anayeibeba kwa kawaida ni mzazi mwenye nacho, siyo mwanafunzi. Mtoto wa mkulima hakushindwa kukesha, alikosa wa kumlipia akikesha.

Mimi naongeza la kwetu. Nchi hii inalia upungufu wa walimu wa hesabu na fizikia tangu mimi niko kidato cha pili. Kama malipo yanafuata umuhimu na uhaba, mwalimu wa fizikia angekuwa analipwa kumpita mbunge. Mbona wabunge hawana uhaba, wanapigana vikumbo kwenye kura za maoni?

Injinia wa Zege

Hapo kwa wabunge nakuachia. Kwa daktari bado nimesimama palepale.

Binti Ng'ambo

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ndugu yangu mleta uzi, hilo la hadhi umelipitia mbio sana, wakati huku kwetu Unguja ndilo lililotutafuna.

Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka 1897. Lakini haikusema "nyote huru kuanzia leo". Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, na masuria wakaachwa nje ya sheria mpaka 1909. Aliyepata karatasi akatoka nayo hana shamba, minazi na mikarafuu bado ya bwana, ataishi wapi kama si palepale kwa bwana? Kwa kipimo cha Marx hakuna kikubwa kilichogeuka. Ila tazama walichokimbilia. Mtumwa alikuwa akivaa kaniki au merikani, kichwa wazi, miguu mitupu. Wanawake walioachwa huru wakavaa kanga za rangi, baadaye na buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Uungwana ulikuwa ukionekana mwilini kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo hapo ndipo walipoanza kuudai. Mabwana wengi walichukia. Kwa nini uchukie kofia ya mtu kama hadhi ni upuuzi?

Na hata majina ya asili yakabadilika. Sensa ya 1924 ilikuwa na watu wengi mno wanaojiita Waswahili. Ya 1931 hao wamepungua vibaya, wamejaa Wahadimu na Washirazi. Watu ni walewale, wamehama jina tu, kwa sababu jina la kwanza lilikuwa limeshanuka utumwa.

Ardhi ilikuja kuguswa baada ya Mapinduzi ya 1964, zikagawiwa eka tatu tatu. Na bado leo nenda kapeleke posa, utasikia wazee wanaulizana "huyu asili yake wapi?" Eka hazikuifuta hiyo.

Nyuki wa Urambo

Hili la kofia limeniacha mdomo wazi. Dada angu hapa umeshusha.

Mchungulia Dirisha

Dada Binti Ng'ambo, nashukuru. Bara pia yapo, tunayaficha tu nyuma ya "ukoo wao ukoje". Nitaongeza jambo moja kisha niendelee: Weber alisema hadhi hujilinda kwa kufunga milango, na mlango wa kwanza kufungwa ni wa ndoa. Umeileta kwa mfano wa posa bila kumtaja.

Haya, sehemu ya pili.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba ujamaa wa Kiafrika haukuanzia kwenye matabaka yanayopigana, kama ule wa Ulaya, bali kwenye familia. Miaka minne baadaye wanafunzi wa chuo kikuu wakamtembelea. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi chao cha utumishi. Mabango yao yalisema hata wakoloni walikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 wakarudi makwao, na papohapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa ameliona tabaka limesimama mbele yake na joho. Hawakuwa na kiwanda hata kimoja. Walikuwa na vyeti vya kutarajia.

Baada ya miezi michache likaja Azimio, Februari 1967. Watu wanakumbuka mabenki kutaifishwa, ila mimi kinachonivutia ni Miiko ya Uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakafafanua kiongozi ni pamoja na mkewe au mumewe. Ukiisoma kwa jicho la sosholojia, Miiko ni ukuta uliojengwa katikati ya cheo na mali. Uwe na cheo, sawa, lakini usikigeuze kuwa nyumba tatu za kupangisha. Sijui nchi nyingi zilizowahi kuandika jambo hilo waziwazi kiasi kile.

Ila ukuta ulijengwa upande mmoja. Upande wa pili, mali yote iliyotaifishwa ilipelekwa wapi? Kwenye mashirika ya umma. Na mashirika yanaendeshwa na nani? Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro ambaye chama chake cha ushirika, KNCU, kilikuwepo tangu 1933 akajikuta anaamuliwa bei na mtu ambaye hakumchagua.

Issa Shivji akiwa bado kijana aliliona hili mapema. Makala yake kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ilitoka 1970 kwenye Cheche, jarida la wanafunzi wa mlengo wa kushoto pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar. (Chama chao, USARF, kiliwahi kuongozwa na mwanafunzi kutoka Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Maisha haya!) Mwaka huohuo chama na jarida vikapigwa marufuku. Shivji akaja na kitabu 1976. Hoja yake ni kwamba limezaliwa tabaka la mabwanyenye wa ofisini: hawana hati ya kiwanda, lakini wao ndio wanaoamua kiwanda kizalishe nini, faida iende wapi, nani aajiriwe. Kumiliki kwenye karatasi na kudhibiti kwa saini ni vitu viwili, na kinachokulisha ni cha pili.

Wafanyakazi nao walishaonyesha kwamba wameelewa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokataza viongozi kuwa na majivuno na dharau, ikaanza migomo viwandani, na mingi haikuhusu mshahara, ilihusu meneja anayetukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar, wakakichukua kiwanda na kuanza kukiendesha wenyewe. Serikali ya wakulima na wafanyakazi haikufurahia sana mtindo huo kuenea.

Mzee wa Stoo

Vijana, hamjambo. Mimi nipo umri ambao Azimio nalikumbuka kwa masikio yangu, siyo vitabuni. Nataka kuwaambia mambo mawili, moja litampendeza mleta uzi na lingine halitampendeza.

Lisilopendeza: mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimesoma bure, nimelala bweni moja na mtoto wa mkuu wa mkoa, tumekula maharage yaleyale yenye wadudu walewale. Leo hilo halipo. Mnapomchambua Mwalimu mkumbuke hilo.

La pili. Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la umma, jina nalihifadhi. Mkurugenzi wetu kweli hakuwa na nyumba ya kupangisha wala hisa. Alikaa nyumba ya shirika, alipanda gari la shirika. Lakini godoro halikutoka bila saini yake. Foleni inaanza alfajiri nje ya geti, kina mama na vitambulisho vyao mkononi. Saa nne linakuja gari, anashuka dereva na kikaratasi: "Mpatie mletaji magodoro sita." Mimi ninatoa. Saa sita tunatoka kuwaambia wa foleni mzigo umekwisha. Jioni magodoro manne kati ya yale sita utayakuta Kariakoo kwa bei mara tatu. Wakati wa marehemu Waziri Mkuu Sokoine, 1983, waliposakwa wahujumu uchumi, waliokamatwa wengi walikuwa wale wa Kariakoo. Wenye kikaratasi niliwaona wachache.

Mchungulia Dirisha

Shikamoo mzee. Hicho kikaratasi kinaeleza kuliko kitabu kizima. Soko linapokosa bidhaa, fedha inapoteza nguvu na kibali kinakuwa ndiyo fedha. Milovan Djilas, aliyekuwa kigogo wa Yugoslavia mwenyewe, aliandika 1957 kuhusu tabaka jipya la namna hiyo katika nchi za kikomunisti, akaozea jela kwa ajili yake. Shivji na Djilas hawakubaliani mambo mengi, ila kikaratasi chako wote wawili wangekitambua.

Na hilo la bweni nalikubali bila kubisha. Nitalirudia nikifika kwenye shule.

Jirani wa Busia

Wakuu, nimekuwa nikisoma kimya kutoka huku Kenya. Nyinyi mlijenga ukuta, sisi tuliufanyia sherehe ya kuubomoa kabla haujajengwa. Mwaka huohuo wa 1971 mliokuwa na Mwongozo, sisi tulikuwa na ripoti ya Tume ya Ndegwa. Ikasema mtumishi wa umma anaweza kufanya biashara na kumiliki mali, mradi isigongane na kazi yake. Isigongane! Ofisa wa ardhi akawa na mashamba, ofisa wa leseni akawa na matatu, daladala zetu za huku. Mbunge J.M. Kariuki alikuwa akionya kwamba tunajenga nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 1975 akauawa.

Wasomi wetu walikuwa wakibishana miaka ile kama Kenya ina mabepari wake au ni mawakala tu wa kampuni za nje. Colin Leys aliandika 1975 kwamba ni mawakala, halafu mwenyewe akabadilisha mawazo. Sisi wananchi tulikuwa tunajua majina yao na mashamba yao.

Swali langu kwa Watanzania: ukuta wenu uliishia wapi? Maana nikija Dar naona magari yaleyale.

Mchungulia Dirisha

Jirani, ukuta ulibomolewa Februari 1991, Zanzibar. Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa ikalegeza Miiko: hisa ruksa, nyumba ya kupangisha ruksa, mshahara wa pili ruksa. Nyinyi 1971, sisi 1991. Miaka ishirini ya tofauti.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukuta ulipobomoka, nani alikuwa amesimama karibu nao? Mashirika ya umma yalianza kuuzwa miaka ileile ya tisini. Anayejua kiwanda kipi kina mashine nzima na kipi kimebaki bati ni aliyekuwa anakiongoza. Anayejua kiwanja kipi hakina mwenyewe ni wa ofisi ya ardhi. Anayeweza kuandika barua ya benki kwa Kiingereza kilichonyooka ni aliyepita Mlimani. Wafanyabiashara wakubwa waliofaidika wasiokuwa na cheo walikuwepo, sikatai, wengi wakiwa na mitaji ya kifamilia ya tangu zamani. Ila kwa mtu wa kawaida wa kizazi cha uhuru, njia ya kufika kwenye mali ilipita ofisini. Ndiyo maana nawaambia ukimtafuta bepari wa Kitanzania wa 1975 kwa kuangalia hati za mali humuoni, halafu 1995 unamkuta kakomaa, unadhani kaota usiku mmoja.

Sasa shule. Pierre Bourdieu alikuwa mtoto wa mtumishi wa posta wa kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa, akafika juu kabisa ya usomi wa Paris, na hakusahau alivyojiona mgeni huko. Alisema mtaji si pesa tu. Kuna mtaji wa utamaduni: namna ya kuongea, kujiamini, vitabu ulivyokua ukiviona sebuleni. Kuna mtaji wa kujuana. Na kazi kubwa ya shule ni kuuchukua mtaji wa nyumbani, kuupiga muhuri, na kuuita akili.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu na mwanaye kwenye usaili wa darasa la kwanza, shule moja ya Kiingereza, siitaji. Watoto wa miaka sita wamevalishwa kama wanakwenda kuolewa. Mwalimu anawaita wawili wawili, mzazi unakaa nyuma. Aliyeitwa na mpwa wangu aliulizwa wikiendi anafanya nini, akajibu kwa Kiingereza huku amekunja nne: wanakwenda kuogelea, baba anamfundisha kupiga mbizi. Mpwa wangu akanyamaza, akamtazama mama yake, mwisho akasema kwa Kiswahili, "Nawashaga jiko la mkaa, mama anapika maandazi ya kuuza." Mwalimu akatabasamu vizuri tu, akaandika kitu. Hakuwa mbaya yule mwalimu. Fikiria lakini: kuwasha mkaa ukakolea bila kuungua mikono, una miaka sita, ni uwezo. Kwenye fomu hakuna kisanduku chake.

Aliyekosa nafasi anakwenda shule ya serikali, msingi yote anasoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anageuziwa kila somo kwa Kiingereza. Mwenzake amekitumia Kiingereza tangu chekechea. Wanakaa mtihani mmoja wa kidato cha nne, chumba kimoja, karatasi moja, na tunaita hiyo haki. Matokeo ya 2012 yalipotangazwa mapema 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, nchi ikatikisika mpaka yakafutwa na kupangwa upya. Wengi walikuwa wa shule za kata. Nilisikia wasomi redioni wakisema "watoto wa siku hizi hawasomi". Bourdieu angecheka hapo: ukosefu umegeuzwa kuwa tabia ya mtoto.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wengi walilalamika. Mimi niliunga mkono, ila sijidanganyi: wazazi wenye nacho orodha wanayo kichwani.

Mzee wa Stoo, ndiyo maana nimelikubali bweni lako. Kwa kizazi chako cheti kilikuwa njia ya mtoto wa mkulima kuingia ofisini. Mlipoingia mkapata watoto, na watoto wenu hawakulala tena bweni lile.

Mzee wa Stoo

Umenigusa. Wangu wawili wamesoma nje ya nchi. Sikuwa na njia nyingine ya kuwapenda.

Chuma cha Pua

Maneno meeengi. Tafuta hela mkuu.

Nyuki wa Urambo

😂😂 Nilikuwa namsubiri huyu.

Mchungulia Dirisha

Chuma, natafuta, ndiyo maana naandika usiku. Ila umenisaidia maana nilikuwa natafuta mfano wa nadharia ya msomi Steven Lukes. Mwaka 1974 alisema madaraka yana sura tatu. Ya kwanza unaiona: tunabishana, wewe unashinda. Ya pili imejificha: jambo langu haliingizwi kwenye ajenda kabisa, kama ule mkutano wa kijiji ambao mengineyo yanafika jua likiwa limezama. Ya tatu ndiyo kali: sina hata hamu ya kuuliza, naona mambo yako kama yanavyopaswa kuwa. "Tafuta hela" ni ya tatu. Dereva wa daladala akilalamika hesabu imepanda, jibu ni tafuta hela. Mwalimu akidai stahiki zake, tafuta hela. Hakuna aliyewatuma watu waseme hivyo, na tajiri wa gari hana haja ya kufungua mdomo.

Binti Ng'ambo

Hapo ndugu yangu nakupinga kidogo. Hiyo sura ya tatu inawafanya watu wajinga. Nani amekwambia hawajui? Wale walioomba kazi palepale shambani kwa bwana baada ya 1897 walijua sana. Walikuwa wanahesabu. Mtu akicheka na bwana wake mchana haimaanishi amekubali.

Mzee wa Stoo

Huyu binti anasema kweli, na mimi nina ushahidi. Mwaka 1975 wazazi wangu walihamishiwa kijiji cha ujamaa. Kulikuwa na shamba la kijiji na kila kaya na kishamba chake. Nilipokwenda likizo nikashangaa. Shamba la kijiji watu wanafika jua limeshapanda, wanalima kama wagonjwa, kitu cha kwanza kushikwa ni kiko. Jioni kwenye vishamba vyao walewale wana nguvu za ng'ombe, mistari imenyooka. Hakuna aliyepinga mkutanoni. Mkutanoni walipiga makofi. Katibu akaandika kwenda wilayani kwamba ekari zote zimelimwa, na wilaya ikaandika kwenda mkoani.

Mchungulia Dirisha

Mzee, wasomi wawili wamebishana juu ya hilo bila kujuana na kijiji chenu. Goran Hyden aliandika 1980 kwamba mkulima wa Tanzania hajanaswa: ana ardhi yake na ndugu zake, serikali ikimbana anajitoa, na akaliona hilo kama kikwazo cha maendeleo. James Scott naye aliishi na wakulima wa mpunga Malaysia, kitabu chake kikatoka 1985, akasema uzembe wa namna hiyo, uongo mdogo mdogo na kujifanya hujui ni silaha za asiyeweza kugoma waziwazi. Mimi niko kwa Scott, na dada Binti Ng'ambo namvulia kofia kwa hilo la kuhesabu. Lukes nambakiza kwa mtu mmoja tu katika hadithi yako: yule ofisa wa mkoa aliyesoma ripoti akaamini.

Injinia wa Zege

Aliamini au na yeye alikuwa anahesabu?

Mzee wa Stoo

Alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Hesabu zake zilikuwa sawa.